Barua Nne za Turkiya

Nizwa,
9 Machi 1984

Dada yangu mpenzi Turkiya,

Shikamoo dada. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe, Shemeji Amur na watoto. Sisi huku hatujambo, ila Mama macho yake yamezidi ukungu; nyuso hazioni tena, anatujua kwa sauti. Tangu Julai hatujapata hata mstari kutoka kwako. Sikulaumu, najua mambo ya huko yalivyo. Lakini soma mpaka mwisho, kwani nina la kukuomba.

Kwanza nikupe habari za wifi yetu Kaltham, mke wa Marhoun. Marhoun kanunua vidio, basi kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaani hukusanyika kwao, na mie humshika Mama mkono nikampeleka. Kaltham kazaliwa Bujumbura, alichosoma ni Kifaransa kidogo. Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Lakini anavyotufasiria filamu za Kizungu, utadhani kalelewa London. Mie niliyepigiwa fimbo za Kiingereza pale Unguja nakaa pembeni namenya machungwa, na kila mtu, Mama akiwa wa mwanzo, anamtaka Kaltham aseme yule kasemaje na huyu kajibuje. Nilimwonea kijicho dada, sikufichi.

Mwezi wa Januari Marhoun aliazima kaseti kwa Mwingereza anayefanya naye kazi. Ilikuwa filamu ya kuchekesha, ya televisheni ya kwao, ambayo nadhani hata Waingereza wenyewe wameshaisahau. Habari yake ni bwana mmoja karani ambaye uongo kwake ni maradhi. Hata akiulizwa saa hudanganya. Kamwambia bibi aliyempangisha chumba kuwa yeye alikulia Bara Hindi, basi yule bibi kila siku humpikia mchuzi wa pilipili ili asijione mgeni. Naye pilipili haziwezi, ila atasemaje? Anakula, machozi yanamtoka, na huku anausifu.

Kaltham akatufasiria kwamba bwana huyo ni mtoto aliyepotea vitani, yule bibi ndiye mamake, na machozi yale ni ya kuonja tena mapishi ya mama baada ya miaka ishirini. Wallahi, chumba kizima kililia. Mama akaushika mkono wa Kaltham, akasema kwamba na Turkiya wake siku akija atalia hivyo hivyo mbele ya sahani yake. Mkono wa Kaltham! Mie nilikuwa nimekaa upande wa pili. Moyo uliniwaka, nikashindwa kujizuia. Nikasema mbele ya wote kwamba hayo ni machozi ya pilipili, kwamba hapana mama wala vita, na kwamba mwongo si yule wa kwenye filamu peke yake.

Hakuna aliyecheka. Kaltham akasema kwa upole kwamba huenda alisikia vibaya, akaenda kuleta kahawa, na wenzake wakamfuata kumbembeleza. Tuliporudi nyumbani Mama akaniambia kuwa mie tangu utotoni siwezi kumwona mtu kafurahi nikamwacha. Yaliniuma maneno yale, kwa sababu yana ukweli, na kwa sababu Kaltham hajamchambulia Mama miiba ya samaki hata siku moja.

Basi sasa nikuambie nililofanya. Kesho yake nilimwambia Mama kwamba kuna mtu katoka Unguja kaleta barua yako. Nikachukua karatasi ya umeme, ile ya kudaiwa malipo, nikaikunjua karibu na sikio lake aisikie, nikamsomea. Nilitaka mara moja tu anisikilize mie kama anavyomsikiliza Kaltham. Akacheka, akalia, akataka nirudie. Mpaka leo nimeshamsomea barua zako nne, na zote ni karatasi za umeme na za maji. Huzibusu, kisha huzitia katika kimkoba chake chini ya mto. Na hapo kijicho changu kikamwacha Kaltham kikaja kwako. Maneno nimetunga mie, mie ndiye niliyekaa mbele ya magoti yake, na linalobusiwa ni jina lako.

Tarehe tano Aprili Mama anapasuliwa macho Muscat. Daktari kasema ni mtoto wa jicho tu, ataona vizuri. Nami badala ya kufurahi silali, maana kasema kitu cha mwanzo atakachotaka kutazama ni hati ya mkono wako, si uso wangu.

Anayekuletea barua hii ni jirani yetu Hamdun, na atarudi kabla ya siku hiyo. Nakuomba umpe barua nne, kwa herufi za Kiarabu kama alivyotufundisha Mama mwenyewe. Nitazibadilisha kabla hajafunguliwa bendeji. Katika ya kwanza, asumini ya uani imechanua. Katika ya pili, Wadha wako kahitimu Kurani. Katika ya tatu, umemwota Mama amevaa kanga nyekundu. Na ya nne, pale mwisho, unamwambia kwamba Mahfoudha ndiye anayemtunza, na kwamba anishukuru kwa niaba yako. Siku nilipomsomea hiyo alinishika kichwa akanibusu. Mengine ukiyasahau nitajua la kusema, lakini hilo, dada, usiliache.

Unisalimie Shemeji Amur, na watoto uwabusu wote. Marhoun anakusalimu sana. Kaltham naye anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Mahfoudha