Toleo Jipya Limetoka, Dada Eliwaza

Dada Eliwaza,

Toleo jipya la lugha yetu ya programu limetoka wiki iliyopita, na Kiswahili kimo. Nimekupa hilo kabla hata ya kukusalimu kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza. Sasa shikamoo, dada yangu.

Kaburi lako liko mbali. Mumeo, shemeji Baraka, alisema ndivyo ulivyotaka, ulale Same karibu na mama yako. Ila siwezi kupanda basi kila ninapokukumbuka. Ndiyo maana naandika.

Juzi wanafunzi wangu waliniuliza wewe ni nani, maana jina lako linaonekana kwenye orodha ya waliotengeneza lugha ninayowafundishia. Nikawaeleza kwamba hii ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na haina mwenyewe. Inatengenezwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, anayetaka anausoma, anayeona tatizo analirekebisha. Nikasema mmoja wa watu hao alikuwa mtumishi wa serikali aliyekaa Pangani, ambaye Jumamosi zake alizitumia kutafsiri ujumbe wa lugha hiyo ili wao wausome kwa Kiswahili. Wakauliza, Pangani ya Tanga? Nikacheka peke yangu mbele ya darasa. Nilikumbuka ulivyokuwa unanuna mtu akikuuliza hivyo. "Pangani ya Kibaha," unasema, "na maji yetu ni ya bomba."

Unakumbuka tulivyojuana? Niliuliza swali kwenye jukwaa la jumuiya mtandaoni, Kiingereza kikaniishia katikati, nikamalizia kwa Kiswahili. Wengine hawakunielewa. Wewe ukanijibu, ukanionyesha mstari uliokuwa unanisumbua, halafu chini ukaandika: "Mdogo wangu, uko wapi?" Nikasema niko Kisarawe. "Mimi niko Kibaha. Kisarawe sehemu gani?" Nikasema kwetu Msimbu. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyenikuta barazani kwako aliambiwa, "Huyu kazaliwa Msimbu, angeachaje kuandika msimbo?" Nilijifanya nimechoka kuusikia utani huo. Sasa ningetoa chochote niusikie.

Nazikumbuka sana Jumamosi zile. Mama ananifungia mihogo, ananiambia, "Mpelekee Mpare wako." Nafika Pangani nimechoka kwa kuzunguka mpaka Mbezi, nakukuta umeshainjika makande, kanga kiunoni, kompyuta juu ya stuli, mwanao Nuru amelala kwenye mkeka. Unaniunganisha kwenye bando la simu yako. Unasoma ujumbe wa Kiingereza kwa sauti, mimi natafuta Kiswahili chake. Tukishindwa kuelewana unafunga kompyuta. "Tule kwanza." Mara nyingi tukimaliza kula neno limeshapatikana.

Neno moja tu halikupatikana hata kwa makande. Ni lile linalotokea kwenye skrini mtu akiandika kitu ambacho kompyuta haiwezi kukifuata. Mimi nilitaka "kosa". Ulikataa. "Zuhura, wewe ni mwalimu. Mtoto akiona neno kosa anakumbuka fimbo. Hatajaribu tena." Ukachagua "hitilafu". Nilinung'unika hadi nikafika nyumbani, lakini msimamizi wa Kiswahili ulikuwa wewe, na hitilafu ikaingia.

Halafu ukaumwa. Sitaki kulirefusha hilo. Ulianza kwa kuniambia ni presha, baadaye tukasikia ni figo, na kabla masika hayajaisha tulikuwa barabarani na jeneza lako, shemeji kakaa mbele na dereva.

Baada ya mazishi sikufungua jukwaa kwa muda mrefu. Nilipofungua nikakuta wanakuita. Toleo jipya lilikuwa linaandaliwa, na kila lugha ilihitaji msimamizi wake aseme kuwa bado yupo. Eliwaza, tafadhali jibu. Eliwaza, bado tunakusubiri. Wa mwisho ameandika kwa upole kabisa kwamba asipojitokeza mtu, Kiswahili kitaondolewa. Hawakuwa watu wabaya, dada. Hawakujua. Huku kwetu msiba ulitangazwa kanisani na ofisini kwako, lakini kule nani angewaambia?

Nikaandika kwamba umefariki. Ni sentensi fupi, na sijawahi kuandika nyingine ngumu kama hiyo.

Ungeona yaliyofuata. Kijana wa Brazili akasema siku yake ya kwanza ulirekebisha kazi yake bila kumwaibisha mbele za watu, ukamalizia na "pole na kazi". Alihangaika kutafuta maana yake, na alipoipata na yeye akaanza kuwaandikia wenzake hivyo hivyo. Mama mmoja wa Poland alidhani wewe ni bibi mzee, kwa subira uliyokuwa nayo. Nilimpelekea shemeji akasome mwenyewe. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. "Mimi nilijua anacheza na kompyuta tu," akasema. Kisha akatoka nje kwenda kuwaangalia kuku, na nikamwacha akae huko.

Lakini pole zile zote zisingekibakiza Kiswahili. Alitakiwa mtu. Nilitamani awe mwingine. Mle ndani tuna mwenzetu wa Mombasa na mwenzetu wa Bukavu, wote wananizidi ujuzi. Nikasubiri mmoja wao aseme. Badala yake wa Mombasa akaniandikia faragha: "Wewe ndiye uliyekaa naye." Nikakubali.

Nikaanza kuitumia tafsiri yetu darasani, niione inavyofanya kazi. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kila lilipotokea neno hitilafu, watoto walitoa mikono kwenye kompyuta wakarudi nyuma. "Mwalimu, imeharibika." Mwingine akaenda kuangalia swichi ukutani. Kwao hitilafu ni ile ya kwenye matangazo ya kukatika umeme, hawana nyingine. Nikasema basi, nilijua tangu mwanzo. Nikabadilisha kwenye kompyuta zetu nikaweka kosa, na nikiri nilijisikia mshindi. Kipindi kilichofuata msichana mmoja, mzuri sana wa hesabu, alipata kosa lake la kwanza akaifunika skrini kwa viganja vyote viwili, jirani yake asione.

Nikakusikia kabisa, dada. Fimbo.

Nilibaki na jambo hilo siku nyingi, sina neno la kuweka. Nikaacha kutafuta kwenye kamusi, nikawa nawasikiliza wenyewe wakikwama. Hawasemi hitilafu wala kosa. Wanaita, "Mwalimu, njoo, haijanielewa hii." Wote wanasema hivyo, na hakuna anayeona aibu. Nikaandika pendekezo kwamba kompyuta ijisemee yenyewe: "Sijaelewa mstari huu."

Likaletwa kwenye kikao cha video. Nilikaa ofisi ya walimu, ambako mtandao unashika vizuri. Wa Bukavu akapinga. Akasema si lugha ya kitaalamu. Akaongeza kwamba aliyechagua hitilafu ametutoka majuzi tu, tunalifutaje neno lake hata udongo haujakauka?

La kwanza ningeweza kulijibu. La pili lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo. Mimi nani nije kukufuta?

Nikawaambia, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba nilikuwepo siku ulipolichagua. Kwamba ulichokuwa unakitetea barazani pale ni mtoto asiogope kujaribu tena. Nikawasimulia ya swichi na ya viganja. Nikasema kama ungekuwepo darasani siku hiyo ungelibadilisha wewe kabla yangu. Nikamaliza. Wa Bukavu ndiye aliyejibu kwanza, na kwa Kiswahili, wale wengine wasielewe: "Basi, dada. Tuandike hivyo. Yeye angekusikiliza."

Hitilafu yako haipo tena. Mimi ndiye niliyeiondoa. Nilipobonyeza kuiondoa nililia, na mwalimu wa jiografia akaniletea chai. Sijui kwa hakika kama ungekubali. Pengine ungeshindana nami mpaka jua lizame. Ninachojua ni kwamba yule msichana hafuniki skrini tena. Anaicheka, anaiambia, "Ngoja nikueleweshe."

Huku kwako wote wazima. Nuru ameng'oka meno ya mbele na ana maneno mengi kama wewe. Shemeji ameniambia baraza ni letu, tuje Jumamosi tukitaka, na tumeanza kwenda. Wamejiunga wawili wa hapo Kibaha. Makande anapika shemeji. Si kama yako, lakini hatumwambii. Desemba tunakuja Same mimi na yeye na Nuru, tupalilie kaburi.

Limebaki moja, dada, na hili nakuahidi. Kiswahili kilikaribia kuondolewa kwa sababu idhini zote za kubadilisha tafsiri ulikuwa nazo peke yako, nami nilikuwa nakaribia kuzishika vivyo hivyo. Nimewapa wa Mombasa na wa Bukavu uwezo wote nilio nao. Nawaandaa na hawa wa barazani. Kazi yako haitamtegemea tena mtu mmoja. Siku watakapoliita jina langu nami nisijibu, yupo atakayeitika.

Pumzika sasa, dada yangu. Na pole na kazi.

Mdogo wako,
Zuhura