Mama, Makopo Yako Yamerudi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipovua mabuti yako ya mpira ukayaegemeza mlangoni, na hukuyavaa tena. Leo tuna habari njema, na hatutakuambia kwa kunong'ona.

Ulikuwa muuguzi miaka thelathini. Ulipostaafu, ukaligeuza jalala la nyuma ya zahanati kuwa bustani ya darasa la Jumamosi. Waliofiwa, walioachishwa kazi, waliochoka bila kujua kwa nini, wote uliwapa jembe kabla salamu hazijaisha. Hukumuuliza mtu anaumwa nini. Wala hukumbembeleza mtu aje: ulimwachia mlangoni mche ndani ya kopo la maziwa, ukasema, "Mche ni wako. Kopo nimekuazima tu, Jumamosi unirudishie." Aliyekuja kurudisha kopo hakuondoka mapema.

Baba, fundi cherehani wako, alikuwa akikutania: "Mke wangu anatibu watu kwa matope." Ulipoondoka, akaifunika cherehani, akakaa akitazama ukuta. Haambiliki. Chakula alikula shingo upande, ili tu tumwondokee. Tuseme ukweli, Mama, tuliogopa tutazika wawili.

Mwezi wa tatu tangu uondoke, yule dereva wa lori uliyempa jina la Breki, mwanafunzi wako wa kwanza, akaacha kopo lenye mche mlangoni petu. "Huyu ananitania?" Baba akauliza. Dada yetu mkubwa akamjibu, "Baba, kopo la watu hurudishwa." Jumamosi Baba akaenda, na shati lake la pasi, akisema anakaa dakika tano. Kopo lenyewe akalisahau nyumbani.

Wakampa tuta asie nyanya. Fundi ni fundi tu: akatoa futi yake mfukoni, akasia kwa nafasi ya mshono wa shati, mstari umenyooka hauna kasoro. Mbegu zilipoota, hapakuwa na pa kupenyeza hata kidole. Breki alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hii si kola." Na Baba akacheka, Mama. Tulikuwa tumeisahau sauti ile.

Miche isingeishi imebanana hivyo. Akaing'oa mmoja mmoja, akakataa kutupa hata mmoja. Akaomba makopo mtaa mzima, akapata themanini na mawili, akayapeleka mwenyewe mlango kwa mlango: kwa mjane wa ghorofa ya tatu, kwa kinyozi asiyepata usingizi, kwa mwalimu aliyeacha kuongea. "Kopo nimekuazima tu," akawaambia.

Jumamosi iliyopita tuliyapanga kwenye ukuta wa zahanati, tukayahesabu mara mbili. Yamerudi yote themanini na mawili, na watu wake. Hapakuwa na pa kuweka mguu. Mwalimu alisema maneno manne: "Wangu umezaa, njoni muone." Tulilia, na hatukuona haya.

Kopo moja tu halijarudi, lile la Breki. Liko dirishani, kando ya cherehani ambayo sasa haifunikwi. Kila Jumamosi Baba anavaa mabuti yako, yanambana vidole, hataki mengine, anatoka mbiombio. Akifika bustanini anajipapasa mifuko na kusema, "Kopo nimelisahau tena. Itabidi nije wiki ijayo."

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi. Wanao wanne na wakwe zako. Dada yako, mpishi. Wajukuu zako saba. Breki na darasa zima.

Hutoki mioyoni mwetu, Mama. Jumamosi tupo bustanini.