Kahawa na Nini?

Nyumba ya Bi Hadiya,
Ibra, Sharqiya, Oman.
Jumatano, 20 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Badriya,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka: marahaba mwanangu, marahaba sana. Hujambo? Mumeo Muzamil hajambo? Na huyo mjukuu wangu Yaqeen, mafua yamemwacha au bado? Msugue kifua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na kitunguu thomu, na akilia usimsikilize. Wewe pia ulikuwa ukilia, na ukapona.

Mimi shangazi yako ni mzima, alhamdulillahi, ukitoa magoti. Joto limepungua, asubuhi tunajitanda shali. Leo ni siku ya soko la wanawake, nami sikwenda. Ukisikia Hadiya hakwenda soko la Jumatano, ujue ana jambo.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu iko. Kwenye simu mimi husema uongo, Badriya. Wewe unauliza mbio mbio, mimi najibu mbio mbio, tunacheka, tunaagana, na ukweli unabaki huku kwangu. Karatasi hainikatizi. Jirani yetu Maftah anasafiri Ijumaa kuja Unguja, nimemwambia akukabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwengine.

Mwezi uliopita uliniuliza kama uje umchukue baba yako akae kwenu. Nilikujibu hapana, yuko sawa, anaangaliwa. Swali hilo nataka kulijibu upya, lakini yapo mambo lazima uyajue kwanza. Kama umesimama, kaa.

Baba yako amekatwa kidole cha mguu. Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho, tarehe ishirini na saba Oktoba. Sasa yuko nyumbani, kidonda kinakauka, anatembea kwa mkongojo. Alinikataza nisikwambie. Alitaka niape, sikuapa, nikanyamaza tu, akadhani nimekubali.

Sababu ni sukari. Utasema sukari gani tena, si iliondoka baada ya operesheni ya tumbo? Iliondoka kweli. Imerudi, na aliyeirudisha ni mimi.

Unakumbuka hali aliyokuwa nayo. Kilo mia moja na arubaini na moja, anasali juu ya kiti, akilala anakoroma mpaka mimi nyumba ya pili nasikia. Machi ya mwaka ule wa 2022 tukampeleka Maskati, wakamkata tumbo, wakambakishia cha kuingia kikombe kimoja. Ulikaa naye siku arubaini, ukimnywesha supu kwa kijiko. Ulipoondoka uliniachia masharti, moja moja: samaki, nyama au yai kwanza, atafune sana, asinywe maji juu ya chakula, na baina ya mlo na mlo, asile kitu. Nikakwambia, nenda zako mwanangu, Hafidh ni ndugu yangu, nimemlea mgongoni.

Na mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Alipungua mpaka akafika themanini na nane. Siku moja nilipita mlangoni kwake nikamwona kasujudu, paji la uso liko chini kwenye msala, kitu ambacho hakukiweza miaka sita. Nilisimama pale nikalia kwa furaha. Hilo nalisema ili ujue kwamba sikuwa na nia mbaya hata siku moja.

Lakini nikwambie jengine, na hili sijamwambia mtu. Yule mtu mwembamba mimi sikumzoea. Kanzu zinampwaya, shingo imekuwa kama ya mgonjwa. Na ubaya zaidi ulikuwa wakati wa kula. Tangu mama yako atangulie mbele ya haki, Allah amrehemu, mimi na baba yako tulikuwa tunakula sinia moja kila mchana. Sisi wawili tu, mjane na mjane, tukigombania ukoko. Baada ya operesheni akawa anakula vijiko vitatu, anatafuna robo saa, nyama inamkwama, anashika kifua, kisha ananawa mikono na kwenda zake chumbani. Mimi nabaki na sinia lote la wali. Wallahi Badriya, nilikuwa naona kama nimefiwa mara ya pili.

Ndipo nikaikumbuka kahawa.

Kahawa hukuikataza wewe wala daktari hakuikataza. Kahawa yetu haina sukari, chungu kama shubiri. Basi nikawa nampelekea saa nne asubuhi. Na wewe umezaliwa hapa, unajua kahawa ya Ibra si kahawa peke yake. Huwezi kumtilia mtu finjani mbele yake pakawa patupu, ni aibu, ni kama kumwambia aondoke. Ikaja sahani ya tende. Baadaye ikaja halwa, kidogo tu, ya kuondoa uchungu mdomoni. Kisha vipande vya embe. Na ajabu ya Mungu, nyama iliyokuwa ikimkwama, halwa haikumkwama. Inateleza tu, haimgusi kifua wala haimshibishi.

Nikampata ndugu yangu. Alikuwa akikaa saa nzima, ananieleza khabari za shamba na watu wa msikitini, tunacheka mpaka machozi. Kisha ikawa na alasiri pia. Wageni wakija, mara ya tatu. Mimi namwambia, "Onja, Hafidh, onja tu." Anaonja.

Wewe ukawa unapiga simu Ijumaa, unauliza, "Shangazi, baba anakula nini baina ya chakula?" Nami nakujibu, "Hali kitu, anakunywa kahawa tu." Umenisikia nikisema hivyo pengine mara hamsini. Na nilikuwa nasema nikiamini. Kwetu sisi kula ni wali. Mtu akishinda na tende na halwa mpaka magharibi, ukimuuliza atakwambia leo sijala. Nimeishi miaka sitini na saba nikisema hivyo, sikujua kama maneno hayo yanaweza kumkata mtu kidole.

Dalili zilikuwepo. Mara nyengine baada ya kahawa alikuwa akitoka jasho, moyo unamwenda mbio, anajilaza kwenye zulia. Mimi nikasema ni jicho, watu wamemwona kapungua wamemhusudu. Nikamsomea. Nilipomaliza kumsomea, nikampa tende apate nguvu. Ndiyo shangazi yako huyo.

Akaanza kunenepa. Mimi nikafurahi, nikasema amenawiri, uso umerudi. Nikamshonea kanzu mpya kubwa kuliko zile, na mwaka huu nikamshonea nyengine kubwa zaidi. Alikwishafika mia na kumi na tatu na mimi bado nashona.

Kisha kiatu kikamchubua. Alikificha kidonda kile, hakutaka maneno, akawa anavaa soksi mpaka ndani ya nyumba. Nilipokuja kunusa, kilikuwa kimeshaoza. Spitali walijitahidi siku tisa, lakini kidole hakikuokoka.

Siku ya pili yake akaja binti mmoja wa mambo ya lishe, Mmisri, kijana, mpole. Anauliza kwa kalamu na karatasi. Anakula nini asubuhi, mchana, usiku. Nikajibu vizuri, nikajisifu. Akauliza, na baina yake? Nikasema, "Hakuna, gahwa tu." Akauliza ina sukari? "Haina, hata chembe." Akaandika. Nilimwona alivyoandika, kahawa bila sukari, na akageuza karatasi. Kwao, maskini, kahawa ni kahawa.

Lakini alikuwepo nesi anafungua bendeji, Shatha jina lake, mtu wa Jaalan Bani Bu Hassan. Huyo ni wetu. Hakuinua hata kichwa. Alisema taratibu, kwa heshima kama mtu na mama yake mdogo, "Gahwa na nini, khalati?"

Kahawa na nini.

Badriya, nikamtazama baba yako, akageukia dirishani. Nikaanza kutaja. Tende saba, nane. Halwa vijiko vinne. Embe, au ndizi. Mikate ya kumimina alasiri. Biskuti wanazoleta wajukuu wa jirani. Kila ninachokitaja yule Mmisri anaandika, mpaka akaacha kuandika akaweka kalamu. Shatha hakunilaumu. Alifunga mguu, akanifunika mkono wangu kwa mkono wake, akasema hata mama yake yuko hivyo hivyo. Nilitamani anitukane.

Walipotoka nililia mbele ya ndugu yangu. Nikamwambia, Hafidh, nimekuua kwa mikono yangu. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Dada, mimi nilikuwa najua. Nikila ile halwa najua inanifanya nini. Lakini ningekataa, saa nne ungekaa na nani?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi nampa ili akae, yeye anakula ili nisikae peke yangu. Miaka miwili tunahurumiana, na hakuna aliyemwambia mwenziwe neno. Nilikuwa na hasira naye siku ile, nikwambie kweli. Nilimwambia mjinga wewe, ungesema! Akacheka. Nikacheka na mimi.

Ungedhani hapo nimekoma. Mimi pia nilidhani. Tulipomtoa spitali nikapika kahawa, nikaipeleka hivyo hivyo, birika na finjani mbili, mbele yake patupu. Tukakaa. Siku tatu tukaweza. Siku ya nne wakaja watu kumjulia hali, wametoka Nizwa, wamebeba halwa ya kwao, bado ya moto, inanukia zafarani na iliki. Nikawafungulia, nikawakaribisha, maneno yanaendelea, huyu anauliza, yule anajibu. Mara naona kijiko kiko mbele ya mdomo wa baba yako. Mkono ulioshika kijiko ni wangu, Badriya. Sikumbuki kukinyanyua. Yeye kanitazama, akafungua mdomo.

Nilikirudisha. Lakini alifungua mdomo, na mimi nilinyanyua. Tangu siku ile silali vizuri, na sijiamini tena.

Daktari amesema wazi: sukari isiposhuka kabla ya Ramadhani, kinachofuata si kidole. Ni mguu. Kumkata tumbo mara ya pili hawataki, wanasema tumbo halina kosa.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Njoo umchukue baba yako.

Njoo kabla mwezi wa Desemba haujaisha. Atakataa. Atakwambia hawezi kumwacha dada yake, atanifanya mimi ndiyo sababu, na utamwonea imani. Usimkubalie. Na mimi mwenyewe nikikwambia mlangoni niachie mwezi mmoja tu, apone kwanza, usinikubalie. Nitasema hivyo, najijua. Utie mizigo garini.

Usidhani kwenu ni salama, lakini. Unguja nako mnakaanga kaimati na visheti, na kila jirani ana sahani iliyofunikwa. Ila wewe una roho ya mama yako, ukisema hapana ni hapana, hata mtu akinuna. Zamani nilikuwa nikikuona mkavu. Sasa ndiyo namshukuru Mungu kwa ukavu wako. Akae nawe, ale mezani nawe, na akimaliza vijiko vyake vitatu asiondoke. Mzungumzishe. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka, nami nilikijua nikakitia ndani ya sahani.

Mimi usinihofie. Naogopa saa nne, sikufichi, naiogopa sana. Lakini bora niiogope yeye akiwa na miguu yake miwili.

Nisalimie Muzamil, mwambie sijamsahau na namwombea kila swala. Mkwe wako Bi Rehana mpe salamu zangu nyingi, na wifi yako Hafidha. Yaqeen nibusie mashavu yote mawili, na mwambie babu yake anakuja. Mwenyezi Mungu akulindeni, akuzidishieni riziki ya halali na mapenzi baina yenu, na amjaalie baba yako asujudu juu ya ardhi mpaka siku yake.

Atakapokuuliza nani aliyekwambia, usimfiche wala usinistahi. Mwambie ni Hadiya.

Mimi nikupendaye, na niliyekukosea,
Shangazi yako,
Hadiya