Mshale wa Pistoni

Kimaka, Jinja
3 Machi 1996

Binti yangu Ramula,

Salaam. Hapa wazima, isipokuwa goti. Mafua yako huko Mbale yalipona?

Mimi nafungua injini ya kile kindege alichoniachia yule mzungu aliporudi kwao. Ya ndege sijawahi kugusa, lakini kwa mtu aliyetengeneza lori za jeshi miaka kumi na tisa, hii ni sufuria. Haina hata sampu, bakuli la oili la chini! Pistoni mbili, kama vikombe vya chai. Nitaruka juu ya Masese, wauza samaki waangushe mizani.

Huyo mtu wa pawasoo unayekaa naye usimwambie. Mkata miti kwa msumeno wa petroli atajua nini?

Baba yako,
Sajini Asuman


Nabuyonga, Mbale
14 Machi

Baba mpendwa,

Salaam aleikum. Mafua yamekwisha. Goti linasemaje?

Nisamehe, mume wangu nilimwambia. Gidudu anasema injini hiyo ni ndugu ya pawasoo: oili inachanganywa ndani ya petroli. Na kila pistoni ina mshale kichwani. Mshale uelekee tundu la moshi, la sivyo ringi zinazoizunguka zitanasa kwenye tundu hilo na kuvunjika. Anaomba aje aangalie kabla hujaruka. Nami nakuomba, baba. Nina baba mmoja.

Binti yako na mkweo,
Ramula na Gidudu


Kimaka
25 Machi

Ramula,

Salamu nimepata, goti lipo. Chini ya barua umesaini watu wawili. Mimi nilizaa mmoja.

Hiyo ya oili nilijua zamani. Lakini mshale! Jeshini mshale unaonyesha mbele. Mbele ya injini ni kwenye pangaboi, basi nimeelekeza huko. Tundu la moshi liko ubavuni. Umewahi kuona askari anakwenda mbele kwa ubavu? Huyo ni kaa. Mwambie akate miti yake.

Jumapili naruka.

Baba yako, wewe tu,
Sajini Asuman


Nabuyonga
20 Aprili

Baba,

Leo sijui nianze na salamu gani. Jumapili tatu zimepita, kimya. Nabirye wa samaki amefika kutoka Masese, anasema hawakuona ndege yoyote. Nikafurahi, halafu nikaogopa. Andika hata neno moja.

Binti yako, peke yake kama unavyotaka,
Ramula


Kimaka
2 Mei

Ramula,

Salamu kwenu. Mimi mzima, marehemu ni injini. Ilinguruma dakika mbili, ndege bado iko chini, ikalia kama mbuzi, ikakata. Nimefungua. Ringi zote zimevunjika, zimenasa palepale aliposema. Nimetafuta kosa lingine mwezi mzima. Hakuna.

Sio kwamba anajua. Mtu anayeshinda ndani ya moshi lazima ajue unatokea wapi. Mwambie aje na ringi mpya. Azifunge yeye, mimi nitasimama nikimsahihisha. Chai ipo. Lakini habari ya mshale asiitaje, hata kwa macho.

Na wewe, barua ya mwisho umesaini mmoja. Nani alikufundisha kupunguza watu?

Baba yenu,
Asuman