Matobolwa ya Mama Mkwe

Shangazi Truphosa, shikamoo. Nisikilize mimi binti yako kwa sababu nimebanwa na Jumapili inakuja. Tangu utoto mwili wangu haupokei kitu kitamu, si sukari, si tunda, si asali wala viazi vitamu, nikila natapika na kutetemeka hadi kuzimia, na daktari wa misheni alimwambia mama kwamba ini langu limeumbwa hivyo na dawa ni kuacha tu, basi nimekua kwa ugali, samaki na maziwa, shuleni wakaniita Chumvi, na siku ya Komunyo wenzangu wanakunywa soda, mama amenishika mkono asije mtu akanionjesha.

Mayala aliponiposa mwaka jana baba akasema, "Ukitaja ugonjwa hakuna atakayekuoa. Nyamaza." Nikanyamaza, nikaolewa. Sasa mama yake Mayala ni mjane, anaishi peke yake Misungwi, ananipenda, kila tukienda ananitengea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kavianika mwenyewe, nami navificha kwenye kitenge nakwenda kuwamwagia kuku, lakini mara ya tatu wifi yangu Tereza akaniona, hakuniuliza, akawaambia majirani, na shemeji mkubwa akasema mbele yangu, "Mkwe mwenyewe anaogopa chakula cha huyu mama. Ameona nini?" Mama mkwe akainama, macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni, machozi yakimlenga, nami sikufungua mdomo. Jumapili ukoo mzima unakutana pale. Nile tu, liwalo na liwe? Au nitafute kisingizio nisiende?

Chumvi, Mkuyuni, Agosti 1996

Marahaba, mwanangu. Pole kwa utoto wa kuchunga kila tonge. Ni kazi ngumu na mama yako aliifanya vizuri. Pole yangu inaishia hapo.

Barua nzima unahofia ndoa yako na tumbo lako, hukuona nani yuko hatarini. Mjane, peke yake, macho mekundu, na mkwe anayetupa chakula chake kwa kuku: unaishi kanda hii, unasikia vikongwe wenye macho mekundu wanavyoitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Shahidi wa uchawi wake ni wewe, na hata neno hujasema. Baba yako alitaka uolewe. Umeolewa, amri yake imekwisha.

Usiyale hayo matobolwa. Ukianguka na kutetemeka pale uani, umemmaliza yule mama. Usipokwenda, umemmaliza vilevile.

Mwambie Mayala leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Akinuna, anune, lakini aende nawe. Kama cheti cha daktari bado kipo kwa mama yako, kichukue. Jumamosi nendeni Misungwi, upige magoti, umwombe radhi mama mkwe na kumweleza yeye kwanza. Tereza naye umwambie uso kwa uso, Mayala akisikia.

Jumapili mama mkwe asonge ugali, apike samaki sato kwa chumvi tupu, akutengee. Kaa katikati ya ukoo, useme kwa sauti kinachokudhuru tangu uchanga, kisha ule mpaka sahani iishe. Halafu, shemeji yako akiangalia, mwombe mama akuongeze.