Wageni Kutoka Pwani

Kabambare, Alhamisi jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri na sasa yamebaki manyunyu. Nimechoka, na si kwa kazi.

Nianze na samaki, maana siku hizi hata salamu naanza na samaki.

Daktari wetu mzungu alirudi kutoka likizo ya pwani na sanduku la kioo, madamujani, yale machupa makubwa, ya maji ya bahari, na samaki wadogo wa rangi. Wengi walikufa njiani, kati ya treni, meli ya ziwani na lori. Waliobaki wanaishi barazani kwake. Kisha yeye mwenyewe akaondoka kwenda Wamaza na Salamabila kupima watu ugonjwa wa malale, na mimi, muuguzi wake, akaniachia zahanati na samaki. Agizo lilikuwa moja: maji yasilale. Maji yakilala, samaki wanakosa pumzi.

Ni rahisi kusema. Ninajaza upepo kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori kwa pampu ya baiskeli, halafu upepo unatoka kidogo kidogo kwa kijibomba cha mpira cha zahanati mpaka ndani ya maji. Mwanzoni nilidhani mapovu yanatosha. Pembe moja ilichemka kama chungu cha maharage, ng'ambo yake maji yametulia na juu yametanda utando kama mafuta ya mchuzi uliopoa. Samaki walijikusanya juu, midomo wazi. Nikaongeza upepo, wakazidi kutweta.

Siku nyingi nilipigana na mapovu kabla sijaelewa kwamba kinachotakiwa kutembea ni maji yenyewe. Nikahamisha kijibomba kwenye ukuta mwembamba wa sanduku, chini kabisa, ili mapovu yanapopanda yanyanyue maji na kuyasukuma hadi upande wa pili. Upande huo nikatundika ndoo yenye tundu. Nachota maji ya sanduku, namimina ndooni, yanarudi taratibu. Utando ukavunjika. Samaki wakashuka chini, wakaanza kuzunguka kama watu wenye shughuli zao.

Nilifurahi mno. Nikageuka nimwambie mtu.

Hakukuwa na mtu.

Mpishi wa daktari alikuwapo jikoni, lakini yeye ana neno moja tu juu ya samaki hawa, kwamba hata mchuzi hawatoshi. Niliyetaka kumwambia ni Mwamini, mke wangu, naye yuko kwao Kasongo. Yuko huko tangu harusi ya dada yake. Nilimwambia atangulie, ningemfuata. Sikumfuata. Aliingia harusini peke yake mbele ya shangazi zake wote, kama mwanamke asiye na mume, na harusi ilipokwisha akakataa kurudi. Baba yake akatuma neno: anayemtaka mkewe aje amchukue kwa miguu yake. Husemwa waraka ni nusu ya kuonana. Mzee hakutaka nusu.

Mimi nikajibu kwa kinywa cha dereva wa lori. Nilikuwa na hasira kidogo, na hasira yangu hutoka kwa mzaha. Nikasema siwezi kuja, nina wageni kutoka pwani, siwezi kuwaacha.

Nilidhani watauliza wageni gani, dereva awaeleze, tucheke, na hasira ziishe. Lakini ulimi hauna mfupa, na mimi nilisahau nasema na nani. Baba mkwe ni wa zile nyumba za Kasongo ambazo babu zao walikuja na misafara kutoka pwani. Tangu wazungu walipoingia, njia ya misafara imefungwa nyuma yao. Hakuna aliyerudi, hakuna aliyeleta habari. Kwa mzee huyo, mgeni kutoka pwani si mzaha. Ni neno aliloanza kulisubiri kabla mimi sijazaliwa.

Leo, mvua ikiwa imepamba moto, lori likasimama mbele ya zahanati, akashuka Mwamini.

Alikuwa amevaa nguo yake ya Idi. Alikuwa na mchele wa Kasongo, jogoo, ubani na mkeka mpya ambao haujakaliwa. Alinisalimia kwa heshima ambayo hajanipa tangu tuoane, akauliza wageni wamelala wapi na nani anawapikia. Baba yake, alisema, amenisamehe yote. Mwenye wageni kama hao haondoki nyumbani kwake, ni yeye mzee aliyekosa kuniita.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilichukua jogoo kwa miguu, nikatangulia hadi barazani kwa daktari, nikamwonyesha.

Alisimama mbele ya kioo na maji ya mvua yakimtiririka usoni.

"Hawa njo wageni?"

Nikasema ndiyo.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Badala yake aliweka mchele chini, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na samaki, akawapigia hodi. Kisha akawapa salamu za baba yake. Akataja jina la babu yake na la mtaa wa pwani alikozaliwa babu huyo, neno kwa neno kama alivyofundishwa, akauliza kama kuna mutu wa nyumba ile iko hai bado. Sauti ilikuwa ya kudhihaki alipoanza. Alipofika kwenye jina la mtaa ilikatika, akaficha uso ndani ya mkeka.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nimekuwa nikisema msemo huo kwa wagonjwa wangu, wenye vidonda halisi.

Nilichota maji ya sanduku, nikayamimina ndooni. Yalisikika maji tu. Baadaye Mwamini aliinuka, akaingiza kidole majini, akakiweka ulimini. Akashtuka kwa ile chumvi. Akafungua kikapu, akatoa chupa aliyokuja nayo ya mafuta ya mawese, akaenda jikoni kuyamimina mafuta chunguni na kuiosha kwa majivu na maji moto, akarudi nayo ikinukia moshi.

Nilimweleza, polepole, kwamba maji haya si ya kuchota na kuondoka nayo. Jua likiyapunguza naongeza ya mvua, kwa sababu chumvi hubaki. Yakitoka yenyewe, chumvi inatoka nayo, na hapa Kabambare hakuna pa kupata mengine. Yakishuka kidogo tu, ndoo na kijibomba vitafanya kazi bure. Na daktari ameyapima kwa alama kwenye kioo.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Jaza. Na utaibeba weye mwenyewe, mupaka mu mikono ya Baba."

Nimejaza.

Maji sasa yako chini ya ile alama kwenye kioo, na kazi yangu pamoja nayo, najua. Lori linarudi Kasongo kesho asubuhi, na kitabu changu cha ruhusa ya kusafiri hakina muhuri. Nimejaza upepo mipira yote niliyopata. Nimemwonyesha mpishi jinsi ya kuchota na kumimina, naye amesema, bila kunidanganya, kwamba atasahau.

Mwamini amelala nyumbani kwetu, chumba cha ndani, juu ya mkeka wa wageni. Amefunga mlango. Hakusema kama tukifika Kasongo atarudi nami au nitarudi peke yangu, na sikuwa na uso wa kumwuliza. Nilidhani upweke ni nyumba isiyo na mtu. Leo mtu yupo, na ninamwogopa hata kukohoa.

Chupa iko mezani. Nimeonja na mimi tone moja, kwa mara ya kwanza, baada ya wiki zote hizi za kuyaamsha maji haya. Ni machungu kuliko nilivyodhani.

Kesho mzee atatandika jamvi, atanikaribisha, ataniuliza wageni wamesema nini. Mimi nitamtazama usoni nimjibu nini?