Jina la Baba Mkwe

Saint-Gilles, Jumapili, Novemba 1995

Wiki tatu hujaja kuniona, Furaha! Tramu ya huko kwako Schaerbeek imevunjika miguu? Mjukuu gani wewe, kumwacha koko yako, bibi yako, peke yake.

Na siku ile ulinikasirisha. Ulitaka kuandika habari ya wale wawili waliojenga nyumba ya kwanza kwetu, wakati palikuwa majani na ng'ombe tu, hakuna mji. Jina la mwanamke nilikupa: Nabintu. La bwana yake nikanyamaza. Ukasema, "Koko, umesahau, c'est pas grave, haizuru."

Nisahau! Yule ni baba mkwe wangu. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba wa bwana yake. Tangu niolewe sijalitamka, na sitaanzia Ubelgiji.

Lakini wengine waliolijua wamekufa. Nimebaki mimi, na moyo wangu unapiga ovyo. Donc, basi, leo nimefikiri: kilichokatazwa ni kinywa, mukono hapana. Herufi nilizojifunza uzeeni pale parokiani zifanye kazi.

BISIMWA.

Nimeliandika, na kinywa nimekifunga.

Tangu nitoke kwetu sijasikia muntu akimwita. Ukija, leta ndizi za maduka ya Matonge, ukae upande wa sikio langu zima, umwite kwa sauti.